Kuvuka Nullarbor ukivuta karavani: mwongozo kwa anayeanza

Kila ikikaribia Aprili maswali kuhusu kuvuka Nullarbor, uwanda mkavu wa kusini mwa Australia, huwa yale yale. Mtu anahama Adelaide kwenda Perth, au familia ya Melbourne imenunua karavani ya mtumba (nyumba ndogo ya magurudumu inayovutwa na gari) na inataka watoto walione bara hili kabla hawajafika umri wa kukataa kupanda gari moja na wazazi. Mafuta yatatosha? Lazima gari la 4x4? Tukiishiwa maji je? Kuna wanyama wakali? Nimeona niyajibu yote mahali pamoja, ili anayeuliza tena aelekezwe hapa.

Tuanze kwa kuondoa hofu isiyo na msingi. Eyre Highway, barabara inayovuka Nullarbor, ni lami mwanzo hadi mwisho tangu 1976. Gari la kawaida lenye nguvu ya kuvuta linatosha. Kutoka kituo kimoja cha mafuta hadi kingine hakuna mahali panapofika kilomita 200. Wanyama wakali wa kukufuata hakuna. Kinachowaharibia watu safari huku ni vitu vitatu: mzigo uliozidi, upepo na usingizi. Karibu kila nitakachokuambia kinarudi kwenye kimojawapo.

Nazungumzia kipande cha kutoka Ceduna, jimbo la Australia Kusini, hadi Norseman, Australia Magharibi. Ni kama kilomita 1,200. Ukitokea Port Augusta ongeza nyingine zinazokaribia 470, lakini huko bado kuna miji. Tunaendesha kushoto kama Kenya na Tanzania, kwa hiyo hapo huna jipya la kujifunza. Ukiwa na mawazo ya barabara za vumbi za kaskazini kama Gibb River, huo ni mwongozo mwingine kabisa; usichukue huu ukaenda nao kule.

Msimu mzuri ni Aprili hadi Oktoba. Desemba 2019 kipimo cha Nullarbor kilifika nyuzi 49.9, na katika joto la namna hiyo matairi, injini na watoto wote huchoka pamoja. Ukienda kati ya Juni na Oktoba una bahati ya nyongeza: nyangumi huja pwani ya Head of Bight kuzaa, na unawaona ukiwa umesimama juu ya jabali. Ila beba mablanketi. Watu wa pwani wanaosikia neno jangwa hujiandaa kwa joto tu, kisha usiku wa Julai wanalala na makoti.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujawasha gari

Leseni ya kawaida ya gari dogo, ile ya daraja C, inatosha kuvuta karavani ya familia. Mgeni wa matembezi mwenye leseni ya nyumbani anaruhusiwa kuitumia. Aliyehamia kwa ukaazi wa kudumu hupewa muda wa kuibadilisha, na muda huo hutofautiana jimbo kwa jimbo. Kama karavani ni ya kukodi, soma mkataba uone kama unaruhusiwa kuvuka mpaka wa jimbo. Bima nayo iulize swali moja: tukiharibikiwa katikati, mnavuta gari peke yake au na karavani? Daraja la chini la huduma ya msaada barabarani mara nyingi halifiki huko.

Kwenye gari: kidhibiti cha breki za umeme za karavani, vioo vya kuongezea pembeni vinavyokuonyesha hadi nyuma ya karavani, na chuma cha kuvutia chenye uwezo ulioandikwa, siyo uwezo wa kuambiwa na aliyekuuzia. Sheria inataka trela yenye zaidi ya kilo 750 iwe na breki zake. Ikizidi tani 2 lazima magurudumu yote yawe na breki, pamoja na mfumo unaozifunga zenyewe karavani ikichomoka.

Spea mbili, moja ya gari na moja ya karavani, maana mara nyingi saizi hazifanani. Jeki inayoweza kuinua karavani iliyojaa (jeki ya gari dogo haitakusaidia), spana ya nati za magurudumu zote, geji ya upepo wa tairi, kompresa ndogo, kizima moto, fyuzi, mkanda wa umeme, waya, tochi ya kichwani.

Maji ya kunywa lita 5 kwa mtu kwa siku, kwa siku za safari pamoja na tatu za akiba. Yagawe: mengine kwenye tanki la karavani, mengine kwenye madumu. Tanki likipasuliwa na jiwe usibaki mkavu. Na usipange kujaza tanki njiani. Maji matamu hapa ni adimu mno, na vituo vingi havina ya kukugawia.

Redio ya mawasiliano ya UHF, hata ile ndogo ya mkononi, ingawa ya kufungwa garini ni bora. Chaneli 40 ni ya madereva wa malori, chaneli 18 ni ya watu wa karavani. Chaneli 5 na 35 ziache, ni za dharura.

Kitoa-ishara cha dharura cha setilaiti, kile cha masafa ya 406 MHz. Kinasajiliwa bure kwa mamlaka ya usalama wa bahari ya Australia, AMSA, na ndicho nitakachokisisitiza kuliko simu. Mtandao wa Telstra ndio unaofika mbali zaidi, lakini hata huo unapotea kwa mamia ya kilomita. Ramani pakua kabla.

Dawa zote mnazotumia, kwa muda mrefu kuliko safari. Ukishaondoka Ceduna usitegemee duka la dawa.

Hatua kwa hatua

1. Nenda mizani. Nyumbani mizani ni habari ya malori, Mariakani au Kibaha, na mwenye gari dogo anapita zake. Huku utajipeleka mwenyewe na kulipa ada ndogo, kwa sababu hakuna njia nyingine ya kujua. Pakia kila kitu, jaza maji na mafuta, wapandishe watu wote, kisha pima.

Hesabu yenyewe iko hivi. Kwenye bamba la karavani kuna namba mbili: Tare, yaani uzito wake ikiwa tupu, na ATM, yaani uzito wa juu kabisa inaoruhusiwa kufika ikiwa na mzigo. Tuseme Tare ni kilo 1,900 na ATM ni 2,400. Una kilo 500. Matanki mawili ya maji ya lita 90 yamekula 180. Mitungi miwili ya gesi iliyojaa, karibu 40. Betri ya ziada, turubai la kivuli na kiyoyozi alivyofunga mwenye karavani wa kwanza baada ya kuinunua, tuseme 100. Umebakiwa na 180 kwa vyombo, nguo, chakula, baiskeli za watoto, viti, na ile sufuria kubwa ambayo mama watoto amesema haiachwi.

Halafu kuna uzito unaokaa juu ya tufe la kuvutia, nyuma ya gari. Kipimo cha kawaida huku ni kama asilimia 10 ya uzito wa karavani, kwa mfano wetu kilo 240. Hizo zinakatwa kwenye mzigo ambao gari lako linaruhusiwa kubeba. Kama gari linabeba 700, toa 240, toa watu wanne kilo 280, limebaki 180 kwa friji ya buti, vifaa na chochote kilichofungwa juu ya paa. Watu wengi wanaishia hapo wakishangaa kwamba karavani haijazidi, gari ndilo limezidi. Bima ikigundua baada ya ajali, ina sababu ya kukukatalia.

2. Panga mzigo upya. Kizito kikae chini na karibu na magurudumu. Chepesi juu. Nyuma kabisa usiweke kitu kizito. Karavani yenye mkia mzito ndiyo inayoanza kuyumba ukifika kasi ya 90, na kuyumba huko kukikolea kunaweza kulipindua gari zima. Kilo 30 za vifaa ulizoning'iniza kwenye bampa la nyuma zina madhara kuliko kilo 30 hizo hizo zikiwa chini ya meza.

3. Unganisha, kisha kagua kwa mkono, siyo kwa macho. Shusha kikombe cha karavani juu ya tufe hadi kifunge. Halafu inua kwa gurudumu dogo la mbele: nyuma ya gari ikipanda pamoja na karavani, kimeshika. Isipopanda, rudia. Minyororo miwili ipishane chini ya muunganiko, ifungwe kwa pingu za chuma zenye alama ya uwezo. Chomeka plagi ya taa, chomeka waya wa mfumo wa dharura wa breki, pandisha gurudumu dogo na ulifunge vizuri. Mtu mmoja akae garini, mwingine asimame nyuma: indiketa kushoto, kulia, breki, taa. Kila asubuhi, hata kama hukufungua chochote usiku.

Baada ya hapo zunguka karavani mara moja nzima. Angalia madirisha ya paa, ngazi, antena, valvu ya gesi. Gesi ifungwe ukiwa unatembea. Ngazi zilizosahaulika nje zimekatika nyingi sana kwenye geti za kambi.

4. Matairi. Tazama tarehe ya kutengenezwa kabla ya kashata. Karavani za mtumba huwa na matairi yanayong'aa kwa sababu hayajatembea, lakini yamekauka juani miaka nane. Hayo yatapasuka, na yatapasuka mahali pabaya. Jaza upepo asubuhi matairi yakiwa ya baridi. Baada ya saa moja ya mwendo pima tena: likipanda kama psi 4 uko sawa, likipanda zaidi ya hapo ulianza na upepo mdogo au una mzigo mwingi. Nati za magurudumu zikaze tena baada ya kilomita 50 hadi 100 za kwanza kila ulipofungua gurudumu.

5. Lala nje usiku mmoja karibu na nyumbani. Hatua hii wengi wanairuka. Nenda kilomita 60, lala, rudi. Jifunze kurudi nyuma ukiwa na karavani kwenye uwanja mtupu, siyo mbele ya watu waliokaa na bia zao wakisubiri burudani. Siri ni moja: shika usukani kwa chini, na upande unakopeleka mkono ndiko nyuma ya karavani itakakokwenda. Pole pole. Ikikunja sana, nenda mbele, anza tena, hakuna anayekudai.

6. Gawa njia. Kwa anayeanza, kilomita 250 hadi 400 kwa siku zinatosha. Umbali wa kukadiria, kwa kilomita, ni huu:

Ceduna hadi Nullarbor Roadhouse: 300 (katikati kuna Penong na Nundroo)
Nullarbor hadi Border Village: 185
Border Village hadi Eucla: 12
Eucla hadi Mundrabilla: 66
Mundrabilla hadi Madura: 116
Madura hadi Cocklebiddy: 91
Cocklebiddy hadi Caiguna: 65
Caiguna hadi Balladonia: 182
Balladonia hadi Norseman: 191

Mpango wa siku nne unakaa vizuri: lala Nullarbor, Mundrabilla, Caiguna, kisha Norseman. Wapo wanaopiga siku mbili. Wana haraka zao.

Ondoka kama saa mbili asubuhi, jua likishapanda, na uwe umeegesha saa tisa au saa kumi alasiri. Sababu ni mbili. Kangaruu, emu na wombati hutoka kulisha machweo na alfajiri. Tena unaelekea magharibi, kwa hiyo alasiri jua linakuingia machoni moja kwa moja.

Usichanganyikiwe na saa. Australia Kusini iko mbele ya Perth kwa saa moja na nusu, na wakati wa kiangazi, wanaposogeza saa zao, inakuwa mbili na nusu. Katikati, Eucla na vituo jirani vina saa yao wenyewe, dakika 45 mbele ya Perth, isiyo rasmi ila inafuatwa. Simu haiijui. Ukitaka kujua jiko linafungwa lini, tazama saa ya ukutani.

7. Jaza mafuta ukifika nusu tanki. Gari la dizeli linalovuta tani mbili na kitu halishangazi likila lita 16 hadi 20 kwa kilomita 100. Upepo wa magharibi ukikukabili, na hapa hupiga sana, hesabu hupanda zaidi. Tanki la lita 80 linalokula 20 linakupeleka 400. Kwa kuwa kutoka kituo hadi kituo ni chini ya 200, huna haja ya madumu ya mafuta juu ya paa, ila huna pia ruhusa ya kuruka vituo viwili kwa sababu bei imekuudhi. Bei itakuudhi. Lipa. Na vingi hufungwa usiku, kwa hiyo usipange kufika saa tano ukitegemea pampu.

Kasi ya 90 inatosha. Tofauti kati ya 90 na 105 utaiona kwenye mafuta kabla hujaiona kwenye saa.

8. Jifunze kuishi na treni za barabarani. Haya ni malori yenye trela mbili, urefu hadi mita 36.5. Kwenye barabara nyingine za bara hili utakuta ya trela tatu, mita 53.5. Likikujia mbele, baki kushoto ndani ya mstari wako, shika usukani kwa mikono miwili. Hewa yake itakusukuma kwanza, halafu itakuvuta, ukiijua haikutishi.

Likitaka kukupita kutoka nyuma, mchezo ni tofauti. Usipunguze kasi ghafla, usikimbilie kokoto za pembeni, usiwashe indiketa kumpa ishara. Endelea na mwendo ule ule, mstari ulionyooka. Mpigie kwenye chaneli 40: mwambie wewe ni karavani iliyo mbele yake, umemwona, na akishatoka upande wa pili utapunguza. Akishatoka, ondoa mguu kidogo. Trela yake ya mwisho ikimaliza kukupita, mwambie yuko salama kurudi. Wanashukuru. Na ndugu yangu, ukisimama kupumzika usiegeshe kwenye nafasi ndefu za malori. Dereva huyo ana saa za kulala zilizopangwa kisheria, na hana kwingine pa kuingiza mita 36.

Kwa wanyama sheria ni moja: breki ndiyo, kukwepa hapana. Aliyekunja usukani kumkwepa kangaruu huku ana tani mbili nyuma ndiye anayepinduka. Ukiona mzoga barabarani, punguza mapema na upige honi, kwa sababu juu yake huenda kuna tai mkubwa wa huku. Akishashiba ni mzito kuruka, huanza kwa kukimbia hatua kadhaa, na anaweza kuinuka usawa wa kioo chako.

Utaona pia alama kubwa nyeupe zimepakwa juu ya lami, na vibao vya ndege. Ni viwanja vya kutua ndege za Royal Flying Doctor Service, madaktari wa angani walioanza kazi 1928. Barabara yenyewe ndiyo kiwanja. Usisimame hapo kunywa chai.

9. Maliza matunda kabla ya Border Village. Kuingia Australia Magharibi kuna kituo cha ukaguzi wa mimea, kinafanya kazi usiku na mchana, na karavani yako itafunguliwa hadi friji. Matunda mabichi, mboga, asali, mbegu, njugu, udongo uliogandia kwenye viazi: vyote vina masharti, vingi vinatupwa. Hapa sisi tunajikwaa kwa vitu ambavyo Mwaustralia wa kawaida habebi. Mbegu za mchicha na sukuma wiki kwenye bahasha, karanga mbichi, maharage makavu kutoka duka la Waafrika, asali ya kutoka nyumbani. Usifiche. Ukitaja mwenyewe, kibaya zaidi ni kukiacha hapo. Kikikutwa hujakitaja ni faini. Anayetoka magharibi kwenda mashariki hukaguliwa Ceduna, hasa matunda na mboga, kwa ajili ya nzi wa matunda.

Mimi hupanga menyu kwa kuhesabu kurudi nyuma: nyanya, vitunguu na ndizi ziishe usiku wa Nullarbor. Kuanzia hapo ni vya makopo na unga, hadi Norseman.

10. Kufika kambini. Mpangilio ni huu, usiugeuze: egesha mahali palipo sawa, vuta breki ya mkono ya karavani, weka kabari mbele na nyuma ya magurudumu, ndipo uchomoe minyororo na plagi. Anayefungua kwanza na kuweka kabari baadaye ataiona karavani ikimtembelea. Turubai la kivuli ukilifungua, lifunge kwa kamba, na ukienda kulala likunje. Upepo wa hapa hauna miti ya kuuzuia, na huamka usiku.

Tahadhari moja ya maisha na kifo. Usiingize jiko la mkaa ndani ya karavani, hata kama kumepoa, hata kama unaona limebaki majivu. Hewa yake haina harufu na inaua watu usingizini. Nje nako, siku za marufuku ya moto huwezi kuwasha mkaa wala kuni; sikiliza redio au uliza kituoni.

Choo cha kaseti, kile chenye tangi la kuchomoa, kinamwagwa sehemu maalumu tu. Ukisikia mtu anasema kichaka kinatosha, huyo usimfuate.

11. Mstari wa Caiguna hadi Balladonia. Katika kipande hiki kuna kilomita 146.6 bila kona hata moja. Watu hupiga picha kwenye kibao na kucheka, halafu baada ya nusu saa macho yanaanza kufunga. Lala vizuri Caiguna, badilishaneni usukani, simama katikati hata kama hujachoka. Balladonia kuna makumbusho madogo yenye mambo ya Skylab, chombo cha anga cha Marekani kilichoanguka maeneo haya Julai 1979. Watoto watakushukuru, nawe utakuwa umenyoosha miguu. Kuna hata uwanja wa gofu wenye mashimo 18 yaliyotawanywa vituoni kutoka Ceduna hadi Kalgoorlie, kilomita 1,365. Sichezi gofu, lakini kama kisingizio cha kusimama ni kizuri.

Mambo yakiharibika

*Karavani imeanza kuyumba.* Usikanyage breki ya gari. Toa mguu kwenye mafuta, shika usukani unyooke, na bonyeza kwa mkono kile kidhibiti ili breki za karavani peke yake zishike kidogo. Ikitulia, simama, hamisha mzigo mbele, pima upepo wa matairi ya nyuma. Usiendelee ukijipa moyo kwamba ulikuwa upepo tu.

*Kidhibiti kinaonyesha hakuna trela.* Karibu kila mara ni plagi: vumbi au kutu. Chomoa, safisha pini, nyunyizia dawa ya umeme, chomeka. Bado? Kagua fyuzi, kisha waya unaoburuza chini kama haujasagwa na lami.

*Gurudumu moja ni la moto kuliko mengine.* Kila ukisimama sogeza kiganja karibu na katikati ya kila gurudumu, bila kugusa. Likiwa na joto la peke yake, ama breki imeng'ang'ania ama beringi inakufa. Punguza mkazo wa breki, nenda pole kilomita chache, pima tena. Ukisikia mkwaruzo, usisogee.

*Friji haipozi kwenye gesi.* Friji za aina hii zinataka karavani isimame sawa. Pia upepo huzima mwali; geuza upande wa matundu yake uwe mbali na upepo.

*Betri ya karavani haichaji ukiwa njiani.* Waya mnene kutoka kwenye gari haujashika vizuri, au fyuzi yake karibu na betri ya mbele imekatika.

*Injini inapanda joto.* Zima kiyoyozi, punguza hadi 80, fungua hita kama unaweza kuvumilia. Ikiendelea, simama na usifungue kifuniko cha redieta kikiwa cha moto. Ikisha poa angalia mbele: mara nyingi panzi na nyasi zimeziba matundu.

*Tairi limepasuka.* Usifunge breki, acha gari lipungue mwendo lenyewe, toka nje ya lami mahali pagumu. Weka pembetatu mbali, mita 200 kila upande. Lori la tani nyingi halisimami kwa mita 50. Watoto watoke upande wa kushoto na wakae mbali na barabara.

*Tumegonga kangaruu.* Angalia redieta na taa kabla ya kuendelea. Usisimame gizani katikati ya barabara kumtazama.

*Gari limegoma kabisa.* Bakini hapo hapo. Gari linaonekana kutoka angani, mtu anayetembea haonekani. Fungua boneti, kaeni kivulini, jaribu chaneli 40: karibu kila lori litakusikia likiwa kilomita chache, na dereva atafikisha ujumbe kituo kinachofuata. Simu ikiwa na mtandao wowote, piga 000 au 112. Kitoa-ishara cha setilaiti kiwashwe pale tu maisha ya mtu yako hatarini, kikiwa nje, antena ikitazama juu. Ukishakiwasha usikizime wala kukihamisha hadi wakufikie.